Wakikuita kwa Mahojiano: Mwongozo kwa Mkosoaji Anayechunguzwa

Julai 2018 shirika la Twaweza lilitoa matokeo ya utafiti wake wa Sauti za Wananchi. Waliosema wanaridhika na utendaji wa Rais John Magufuli walikuwa asilimia 55, ilhali mwaka 2016 walikuwa asilimia 96. Hazikupita siku nyingi, Tume ya Sayansi na Teknolojia ikaandika barua kuhoji kibali cha utafiti huo. Mwezi huohuo Uhamiaji wakachukua pasipoti ya mkurugenzi wa shirika, Aidan Eyakuze, kwa maelezo kwamba uraia wake unachunguzwa. Utafiti ulihusu maoni ya wananchi. Uchunguzi ukahusu kibali, kisha mahali alipozaliwa mtu.

Mkosoaji wa serikali ni nadra kushtakiwa kwa kukosoa. Huulizwa kodi, uraia, leseni ya biashara, akaunti ya benki, fedha za wafadhili. Na kuulizwa huko ndiyo adhabu yenyewe. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alichukuliwa nyumbani kwake Dar es Salaam tarehe 29 Julai 2019, na kwanza ikaelezwa kuwa linachunguzwa suala la uraia wake. Alipofikishwa Mahakama ya Kisutu tarehe 5 Agosti, mashtaka yalikuwa mengine kabisa: kuongoza genge la uhalifu, kukwepa kodi ya zaidi ya shilingi milioni 173, na kutakatisha fedha. Utakatishaji fedha hauna dhamana. Akakaa mahabusu takriban miezi saba huku kesi ikiahirishwa kwa sababu upelelezi haujakamilika. Mama yake alifariki katika kipindi hicho, naye hakuruhusiwa kwenda kumzika.

Kwa hiyo usiupime uchunguzi wa namna hii kwa hukumu yake tu. Pima muda unaokula, fedha unazomaliza, na watu unaowatisha wasikukaribie. Hatua zinazofuata zinalenga hayo matatu. Nimezingatia zaidi sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na mahakama zake, na Kenya ina Katiba ya 2010 yenye maneno makali zaidi kuhusu haki za mtuhumiwa. Wakili wako ndiye atakayejua kipi kinakuhusu.

Neno moja kabla ya kuanza. Serikali ina haki ya kukusanya kodi na kupeleleza wizi, na kuikosoa hakumpi mtu kinga ya sheria. Kama kweli umekula fedha za watu, ukurasa huu hautakusaidia. Umeandikwa kwa ajili ya yule anayetafutiwa kosa baada ya kusema.

Hatua ya kwanza: panga makaratasi yako sasa hivi

Usisubiri barua. Anza na uraia, kwa kuwa ndiko wengi wanakoguswa kwanza, hasa wenye asili ya Kagera, Kigoma na mikoa mingine ya mpakani. Cheti chako cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA havitoshi, maana swali litakuwa juu ya wazazi wako, pengine na babu. Wazee wengi hawakuwahi kuwa na vyeti. Tafuta cheti cha ubatizo, rejista ya shule, kadi ya chama cha ushirika, barua ya mtendaji wa kijiji, na viapo vya wazee waliowafahamu wazazi wako. Mzee wa miaka themanini anayekumbuka msiba wa babu yako ni ushahidi, na ushahidi huo haudumu milele. Mpeleke akaape mbele ya wakili mwaka huu.

Kisha kodi. Namba ya mlipakodi, ritani za kila mwaka, risiti za EFD, mikataba ya kazi ulizofanya na wa nje. Waandishi na washauri wa kujitegemea hulipwa kutoka nje na wengi hawajui wanatakiwa watangaze nini. Mlipe mhasibu akuandalie ritani za nyuma. Ukikuta una deni, nenda Mamlaka ya Mapato, TRA, mwenyewe ukaombe utaratibu wa kulipa kwa awamu. Deni ulilolitangaza mwenyewe ni vigumu kuligeuza kuwa jinai.

Mashirika yana mzigo wa ziada. Kanuni za mwaka 2018 zinayataka mashirika yasiyo ya kiserikali Tanzania kutangaza fedha zinazozidi shilingi milioni 20 yanazopokea na kuwasilisha mikataba yake kwa mamlaka. Agosti 2020, miezi miwili kabla ya uchaguzi mkuu, akaunti za Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu, THRDC, zilifungiwa kwa hoja iliyohusu mikataba na wafadhili. Uganda nako, Desemba mwaka huohuo, wakili Nicholas Opiyo wa shirika la haki za binadamu la Chapter Four alikamatwa kwa madai ya kutakatisha dola 340,000. Mwaka uliofuata mwendesha mashtaka akaliondoa shauri. Chaguzi zinapokaribia, hakikisha mafaili yamekamilika miezi sita kabla.

Jambo la mwisho hapa, nalo ndilo linalopuuzwa kuliko yote: usipokee michango ya harakati kwenye simu yako. Mwenzenu kakamatwa, watu wanachangishana, namba inayotajwa ni yako, fedha zinaingia kwa M-Pesa na zinatoka kwenda kwa wakili. Hakuna ubaya wowote uliofanyika, lakini kwenye taarifa ya miamala inaonekana fedha nyingi kutoka kwa watu wengi wasiojulikana, zimepita kwako na kuondoka. Mpelelezi anayetafuta pa kuandika neno utakatishaji amepewa karatasi. Fungueni akaunti yenye watia saini watatu, na kila mchango uwe na jina na sababu.

Hatua ya pili: kubaliana na watu wako

Uwe na wakili uliyekwisha kuzungumza naye, na barua ya kumpa idhini umeshaitia saini. Kama humudu gharama, THRDC na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wana mawakili wa kazi hii. Kenya kuna Defenders Coalition. Uwe na wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa, maana dhamana nyingi hukwama Ijumaa mchana kwa kukosa barua ya mwenyekiti.

Mweleze mwenzi wako, au dada, au yeyote mnayeishi naye, faili liko wapi, dawa zako ni zipi, na nani apigiwe kwanza. Mweleze pia asijibu maswali yoyote kuhusu kazi zako. Ndugu wanaopenda sana kusaidia ndio wanaotoa maelezo yanayogongana.

Hatua ya tatu: kila wito uupe karatasi

Mara nyingi unaanza kwa simu. Sauti ya upole inakuomba upite kituoni "kuna jambo dogo tu". Kuwa na adabu. Uliza jina, cheo, kituo, na unaitwa kama shahidi au kama mtuhumiwa, kwa kosa gani. Andika saa. Kisha sema utafurahi kupata wito kwa maandishi, na kwamba utakuja na wakili. Wito halali usiukimbie. Kuukimbia huzaa kosa la pili, na la pili ndilo litakalokufunga.

Ikija barua, ijibu kwa barua, hata kama umeshaongea nao kwa simu. Iwe fupi na ya heshima, kwa mfano:

"Yah: Wito wa mahojiano. Rejea barua yako yenye kumbukumbu namba tajwa hapo juu. Nathibitisha kuwa nimeipokea leo saa 5:20 asubuhi, na kwamba nitafika tarehe uliyopanga nikiwa na wakili wangu. Ili niweze kuandaa nyaraka sahihi, naomba unifahamishe ni kosa gani linalochunguzwa, chini ya kifungu gani cha sheria, na nyaraka za kipindi gani zinahitajika. Niko tayari kutoa ushirikiano."

Barua hii ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Uchunguzi wa kweli una swali: mauzo ya mwaka fulani, mkataba fulani. Uchunguzi wa kuvua samaki hudai kila kitu cha miaka saba ili likosekane jambo moja. Ukiomba kifungu na kipindi, unaulazimisha uwe na mipaka, na ukikataliwa, kukataliwa huko kuna tarehe na muhuri. Chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asipogonga, andika jina lake na saa.

Kuanzia siku hiyo weka daftari. Tarehe uliposema au kuandika jambo lililowaudhi, na tarehe ya kila simu, barua na ziara. Andika pia tuhuma inavyobadilika. Tuhuma iliyoanza kuwa uraia ikaishia kuwa kodi, au idara nne zinazobisha hodi wiki moja, ni mambo ambayo wakili atayahitaji mbele ya jaji, na kumbukumbu ya kichwani haimshawishi jaji.

Hatua ya nne: wakifika mlangoni

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu makosa mengi yasiyorekebishika hufanyika ndani ya saa hizi mbili.

Omba vitambulisho na hati ya upekuzi. Soma anwani: ni nyumba yako au ya jirani? Soma kinachotafutwa. Agosti 2017, siku chache baada ya uchaguzi wa Kenya, maofisa wa kodi wakiwa na polisi walifika ofisi za shirika la utawala bora la AfriCOG jijini Nairobi, na mjadala wa kwanza mlangoni ulikuwa juu ya uhalali wa hati waliyokuja nayo. Hati ikiwa na kasoro, itaje kwa sauti, iandike, lakini usijitie mlangoni kuwazuia kwa mwili. Kwa kawaida hati hutekelezwa kati ya mawio na machweo, isipokuwa mahakama imeruhusu vinginevyo. Yapo mazingira ya dharura ambapo sheria inaruhusu kupekua bila hati. Hapo omba sababu iandikwe.

Sema unaomba shahidi huru, mjumbe wa shina au mwenyekiti wa mtaa, awepo kabla upekuzi haujaanza. Jirani mtu mzima anafaa pia. Kabla hawajaingia, omba kwa heshima nao wapekuliwe mbele ya shahidi. Askari wazoefu wanalijua jambo hili na wengi hawakasiriki. Watu wote wawe chumba kimoja kwa wakati mmoja. Wakigawanyika, mmoja jikoni na mwingine chumbani, hakuna atakayejua kilichotoka wapi.

Kisha inakuja hati ya ukamataji mali. Ofisa ataandika haraka: "simu moja nyeusi, kompyuta mpakato moja, karatasi mbalimbali." Usitie saini hivyo. Simu moja nyeusi inaweza kuwa simu yoyote nchini. Bonyeza *#06#, namba ya IMEI itatokea kwenye kioo, iandikwe tarakimu zote. Kompyuta iandikwe namba iliyo chini yake. Karatasi zihesabiwe na kila moja iandikwe kichwa chake na idadi ya kurasa. Andika hali: imezimwa, kioo kimepasuka kona ya juu. Zima vifaa mbele yao, viingizwe kwenye bahasha, bahasha ifungwe, na wewe na shahidi mtie saini juu ya mfunikio. Wakikataa bahasha, andika kwenye hati kwamba vifaa vimechukuliwa bila kufungwa. Piga mstari kwenye nafasi iliyobaki wazi chini ya orodha, ili isiongezewe kitu baadaye, ndipo utie saini, na udai nakala yako. Mahakama ya Rufani imesisitiza katika mashauri mengi kwamba mnyororo wa utunzaji wa kielelezo lazima uonekane tangu kinapokamatwa mpaka kinapofika mahakamani. Mnyororo huo unaanza na karatasi hiyo iliyo mkononi mwako.

Usifute chochote. Kufuta ujumbe wakati uchunguzi umeshaanza ni kosa jipya, tena rahisi kulithibitisha. Nakala za kazi zako na ulinzi wa vyanzo vyako ni mambo ya kupangwa miezi kabla, ukiwa umetulia. Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alipokamatwa Desemba 2016, miongoni mwa mashtaka lilikuwamo la kuzuia upelelezi, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa kuwa hakutoa taarifa za watumiaji wake. Aliamua kuwalinda watu waliomwamini, na uamuzi huo ulimgharimu miaka ya kwenda na kurudi mahakamani. Ukiwa mwandishi au mwendesha jukwaa, amua mapema na wakili wako msimamo wako utakuwa upi, ili usiuamue kwa mara ya kwanza mbele ya meza ya mkuu wa upelelezi wa mkoa, RCO.

Hatua ya tano: chumba cha mahojiano

Una haki ya kuelezwa kosa, ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na ya kunyamaza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweka saa nne kuwa muda wa msingi wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi. Muda unaweza kuongezwa usiozidi saa nane, na hazihesabiwi saa za safari wala za kuwasiliana na wakili. Angalia saa unapoingia, angalia unapoanza kuandikwa. Maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda huu yamewahi kutupwa na mahakama mara nyingi.

Taja jina lako, anwani yako, kisha sema: nitajibu wakili wangu akiwepo. Irudie kadiri itakavyohitajika. Hatari kubwa kwa watu wenye ufasaha, na wakosoaji wengi ni wafasaha, ni kudhani wataweza kueleza mambo yakaeleweka. Wanazungumza saa tatu. Katika saa hizo wanataja tarehe moja kimakosa, na tarehe hiyo ndiyo inayorudi baadaye kama uongo. Usidanganye hata kwa jambo dogo, na usibahatishe. "Sikumbuki, nitaangalia nyaraka" ni jibu kamili.

Soma ulichoandikiwa mstari kwa mstari. Sahihisha kwa kalamu, weka saini pembeni ya kila sahihisho. Ukiulizwa ulichoandika gazetini badala ya fedha ulizoitiwa, omba swali hilo liandikwe kama lilivyoulizwa. Ukiwa umepigwa au umetishwa, mwambie hakimu siku ya kwanza kabisa, na uende hospitali na fomu ya polisi ya PF3.

Saa 24 zikipita bila kufikishwa mahakamani, wakili apeleke maombi Mahakama Kuu ya kuwaamuru polisi wakulete. Hata maombi yasiposikilizwa siku hiyo, yakishasajiliwa huwa mtu hapotei kimyakimya.

Hatua ya sita: kupaza sauti au kunyamaza

Rafiki zako watagawanyika juu ya hili. Maoni yangu ni kwamba kukamatwa kutangazwe mara moja, ila undani wa kesi usitangazwe kabisa. Mwanaharakati wa Kenya Boniface Mwangi alipochukuliwa nyumbani kwake Julai 2025, habari zilizotangulia zilitaja ugaidi. Watu wakapiga kelele Kenya na nje yake, na alipofika mahakamani shtaka lilikuwa la kumiliki risasi kinyume cha sheria, akapewa dhamana. Siwezi kusema kelele ndizo zilizobadilisha shtaka. Nasema kila hatua iliyofanyika ilikuwa na macho juu yake. Tangazo liwe na mambo manne tu: nani, wapi, saa ngapi, kituo gani. Mabishano ya ushahidi yabaki kwa wakili.

Hatua ya saba: shauri refu, na karatasi ya kukiri

Tanzania ina orodha ya makosa yasiyo na dhamana. Mei 2020 Mahakama Kuu, katika shauri la Dickson Sanga, ilitamka kuwa kifungu kinachonyima dhamana kinakwenda kinyume na Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo. Kwa hiyo shtaka moja tu likichaguliwa kwa ustadi linatosha kumweka mtu ndani kabla ya ushahidi wowote kusikilizwa. Wakili wako apambane kwanza na shtaka hilo: fedha zipi, zilizotokana na kosa gani la awali? Kila siku ya kutajwa, aombe iwekwe kwenye kumbukumbu sababu ya kuahirisha.

Halafu litakuja pendekezo la kukiri kosa kwa makubaliano, utaratibu ulioingizwa katika sheria mwaka 2019. Kabendera alitoka Februari 2020 kwa njia hiyo. Shtaka la genge liliondolewa, akatiwa hatiani kwa kodi na utakatishaji, akatakiwa kulipa zaidi ya shilingi milioni 270. Tito Magoti wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mwenzake Theodory Giyani walikaa ndani tangu Desemba 2019 hadi Januari 2021, nao wakatoka vivyo hivyo. Asimlaumu mtu anayekiri ili atoke yule ambaye hajalala gereza la Segerea. Ila kabla ya kusaini jua kwamba unabaki na rekodi ya jinai, kwamba kukata rufaa kunakuwa kugumu mno, na kwamba kiasi cha fedha kinajadilika. Soma kila sharti, ikiwemo lolote linalokukataza kusema.

Anayeweza kusubiri, asubiri. Mwandishi wa habari Maria Ressa wa Rappler, Ufilipino, alifunguliwa mashtaka matano ya kodi baada ya chombo chake kuandika juu ya vita vya Rodrigo Duterte dhidi ya dawa za kulevya. Vitabu vyake vya hesabu vilikuwepo. Akaachiwa huru kwa manne Januari 2023, na kwa la tano Septemba mwaka huo.

Kwa ofisa aliyepewa jina

Wengine mnaosoma hapa mnafanya kazi TRA, Uhamiaji, Takukuru, polisi. Siku moja mkubwa anaweza kukupa orodha. Septemba 1972, John Dean, mwanasheria wa Ikulu ya Rais Nixon, alimpa kamishna wa kodi wa Marekani, Johnnie Walters, orodha ya mamia ya majina ya watu wa upande wa upinzani ili wachunguzwe. Walters alimpelekea waziri wake, George Shultz, ambaye alimwambia asifanye lolote. Walters akaifungia orodha kwenye sefu, na baadaye akaikabidhi kwa kamati ya Bunge. Kutumia idara ya kodi dhidi ya raia kukawa sehemu ya mashtaka ya kumwondoa Nixon. Nawe omba agizo kwa maandishi. Uliza ni kigezo gani kimemteua mlipakodi huyu, na uandike swali lako kwenye faili. Maagizo mengi ya aina hii hufa yanapotakiwa yawe na saini.

Hatua ya mwisho: baada ya kuachiwa

Mwendesha mashtaka akisema hana nia ya kuendelea, kama ilivyokuwa kwa mwanasiasa wa upinzani Freeman Mbowe tarehe 4 Machi 2022 baada ya takriban miezi minane ndani kwa mashtaka ya ugaidi, huko si kuachiwa huru kwa hukumu. Sheria inaruhusu ushtakiwe tena kwa jambo lilelile. Faili lisichomwe wala daftari lisitupwe.

Ndani ya wiki hiyo, wakili aombe mahakamani amri ya kurudishiwa vielelezo, akiambatisha nakala yako ya hati ya ukamataji mali. Pasipoti iombwe Uhamiaji kwa barua. Benki iulizwe kwa maandishi kama zuio limeondolewa, na TRA iombwe cheti cha kutodaiwa kodi. Simu ikirudi, linganisha IMEI na iliyoandikwa, usiingize laini yako humo, na umpe fundi unayemwamini aikague kabla hujaanza kuitumia.